Kidonda Kisichouma: Mwalimu wa Shule ya Msingi na Madhara ya Leza katika Seli Hai

Katika somo la sayansi la shule zetu za msingi, seli, au chembe hai kama wengine wapendavyo kuiita, hufundishwa kwa kawaida kwa njia moja tu. Mwalimu huchora duara ubaoni, ndani yake huchora duara dogo, kisha huandika majina: utando, ute, kiini. Wanafunzi hunakili. Siku ya mtihani huulizwa wataje sehemu za seli, nao huzitaja. Hapo somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Maoni yetu ni kwamba somo la namna hiyo bado halijaanza. Mtoto aliyejifunza hivyo anajua kuchora seli, lakini hajui kwamba seli ni kitu kilicho hai. Kitu kilicho hai kina sifa moja ambayo picha ya ubaoni haiwezi kuionyesha, yaani kinaweza kuumia, na kinaweza kufa.

Katika makala haya twataka kuwashauri wanachuo wanaojiandaa kufundisha shule za msingi kwamba somo la seli lijengwe juu ya swali hili: Tunajuaje kwamba seli hai imeumia? Tumechagua mfano wa leza kwa sababu mbili. Kwanza, leza ni chombo kinachowawezesha wataalamu kuijeruhi seli moja bila kumgusa jirani yake, na kwa hiyo imewalazimu kutafuta njia za kutambua jeraha dogo kabisa. Pili, leza imekwisha kufika mikononi mwa watoto tutakaowafundisha.

Leza mitaani mwetu

Mwanachuo atakayepangiwa mazoezi ya kufundisha Mbagala, Tandika au Yombo katika Temeke, au Tandale, Mwananyamala na Bunju upande wa Kinondoni, asishangae kumkuta mwanafunzi ana tochi ya leza mfukoni. Ni kidude kidogo chenye umbo la kalamu, ambacho huuzwa pamoja na vikorokoro vingine vya bei nafuu. Jioni watoto hukitumia kuchezea: huelekeza nukta nyekundu au ya kijani ukutani, humkimbiza nayo paka, na mara nyingine humwelekezea mwenzao usoni. Hakuna anayelia. Kwa kuwa hakuna anayelia, mzazi haoni sababu ya kukataza.

Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe. Nyuma ya jicho pana utando mwembamba uitwao retina, ambao ndio unaopokea picha ya kila tunachokitazama. Katika retina ya jicho moja mna seli zipatazo milioni 120 za kuonea katika mwanga hafifu, na nyingine zipatazo milioni 6 za kutambua rangi na kuona mambo madogo kama maandishi. Seli hizi za pili zimesongamana zaidi katikati, mahali padogo kuliko punje ya mtama, na mahali hapo ndipo mtoto anaposomea. Retina haina neva za maumivu. Aidha, seli hizo za mwanadamu zikifa hazioti tena. Basi mtoto anaweza kupoteza sehemu ya uwezo wake wa kusoma bila kutoa hata chozi moja.

Huenda mwanachuo akadhani kwamba vidude vya kuchezea haviwezi kuwa na nguvu kiasi hicho. Mwaka 2013 watafiti wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, walieleza matokeo ya kupima tochi za leza 122. Karibu asilimia 90 ya zile za kijani na karibu asilimia 44 ya zile nyekundu hazikutimiza masharti ya usalama ya nchi hiyo. Baadhi ya zile za kijani zilikuwa zikitoa pia mionzi isiyoonekana, ambayo jicho haliwezi kujikinga nayo kwa kupepesa. Kwa hiyo maandishi yaliyobandikwa juu ya tochi hayatoshi kuwa dhamana.

Kwa nini mkono haudhuriki na jicho hudhurika

Mwalimu akisema tu, "Msichezee leza, inaumiza," atapata upinzani wa kimyakimya. Mtoto atakwenda nyumbani, atamulika kiganja chake, ataona hakuna kilichotokea, na tangu siku hiyo atajua kwamba mwalimu alisema uongo. Amri isiyo na sababu hushindwa na jaribio la kwanza la mtoto. Hatuna budi, basi, kumpa sababu.

Sababu yenyewe ni lenzi ya jicho. Mwanga wa taa ya kawaida hutawanyika pande zote, lakini mwali wa leza huenda pamoja hata ukifika mbali. Ukiingia jichoni, lenzi huukusanya mpaka ukawa nukta yenye upana wa takriban sehemu moja au mbili za mia za milimita. Kwa njia hiyo ukali wa mwanga unapofika kwenye retina huweza kuzidi ule uliogusa uso wa jicho kwa mara zipatazo 100,000. Nukta hiyo hufunika seli chache tu. Nyuma ya seli hizo pana tabaka lenye rangi nyeusi, nalo hunyonya mwanga na kupata joto. Mkono hauna lenzi, na kwa hiyo haupatwi na mkusanyiko huo.

Jambo hili laweza kuonyeshwa uwanjani kwa kioo cha kukuzia na karatasi iliyokauka. Karatasi ikilazwa juani peke yake, hata saa nzima, haifanyi kitu. Kioo kikishikwa juu yake mpaka jua likawa nukta ndogo, karatasi hutoa moshi baada ya muda mfupi. Jua ni lilelile na karatasi ni ileile. Kilichoongezeka ni lenzi. Mwalimu akishike kioo mwenyewe, maji yawe karibu, na mtoto yeyote asiruhusiwe kulitazama jua kwa kioo hicho. Baada ya hapo mwalimu aulize, "Katika mwili wetu, lenzi iko wapi?" Watoto watajibu wenyewe, na amri itakuwa imejitoa yenyewe.

Jua liliwafundisha wataalamu

Historia ya jambo hili ina mafunzo kwa mwalimu. Tarehe 9 Julai 1945 jua lilipatwa katika Ulaya, na watu wengi walilitazama kwa macho matupu. Daktari wa macho wa Ujerumani, Gerd Meyer-Schwickerath, aliona majeraha madogo katika retina za watu hao. Kutokana na majeraha hayo alipata wazo kwamba mwanga ukitawaliwa vizuri waweza kutumika kuunguza sehemu iliyo mbovu na kuizuia isienee. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akikusanya mwanga wa jua kwa vioo ili kutibu macho. Baadaye alitumia taa maalumu. Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza nchini Marekani mwaka 1960, madaktari wa macho walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuichukua. Leo leza hutumika kuokoa macho ya wagonjwa wengi wa kisukari. Kwa hiyo tusimfundishe mtoto kwamba leza ni adui. Leza ni kama kisu cha jikoni: hutegemea ni nani anayekishika, na anajua nini.

Nasi katika Tanzania tumelipata somo la jua. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa namna ya pete, na watu walikusanyika Rujewa, katika Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, kulitazama. Huku Dar es Salaam sehemu ya jua ilifunikwa. Siku kama hiyo mwalimu wa msingi huwa na kazi kubwa kuliko daktari, kwa maana watoto wengi wako mikononi mwake saa ileile, na daktari atawaona tu wale walioumia. Mwalimu anayejua seli inavyoumia ataandaa darasa lake siku kadhaa kabla. Mwalimu anayejua kuchora duara tu atatoka nje pamoja na watoto na kutazama juu.

Wataalamu hujuaje?

Sasa tulirudie swali letu. Mwaka 1962, mjini Paris, Marcel Bessis na wenzake walipitisha mwali wa leza katika hadubini na kuielekeza kwenye seli moja moja. Mwaka 1969, katika Marekani, Michael Berns na wenzake walionyesha kwamba mwali huo waweza kuharibu sehemu ndogo ya kromosomu ndani ya seli iliyo hai. Walipofikia hapo, wataalamu walikabiliwa na tatizo ambalo kila mwalimu analijua: ukiangalia kwa nje, aliyeumia na asiyeumia hufanana. Njia walizozipata kutatua tatizo hilo zaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Njia ya kwanza ni kuuliza kama ukuta bado umesimama. Seli iliyo hai huchagua kinachoingia na kinachotoka. Kuna rangi ya samawati iitwayo tripani. Jina lake latokana na tripanosoma, vijidudu vya malale vinavyoenezwa na mbung'o, kwa sababu watafiti walikuwa wakitafuta rangi ya kuviua. Rangi hiyo ikitiwa penye seli, zilizo hai huizuia mlangoni nazo hubaki nyeupe. Zilizokufa hushindwa kuizuia nazo hugeuka samawati. Mtazamaji anaweza kuzihesabu moja moja.

Njia ya pili ni kuuliza kama mambo ya ndani yako sawa. Seli yaweza kuwa na ukuta mzima huku kiini chake kimejeruhiwa. Katika kiini mna uzi mrefu wa DNA, ambao hubeba maagizo yote ya maisha ya seli. Katika miaka ya 1980, kwanza nchini Sweden mwaka 1984 na kisha Marekani mwaka 1988, watafiti walikuza njia ya kuilaza seli moja katika utelezi mgumu, kuifungua, kisha kupitisha umeme. Uzi mzima hubaki mahali pake. Uzi uliokatika huburutwa nje, na seli huonekana kama nyota yenye mkia. Kadiri mkia unavyorefuka, ndivyo jeraha lilivyo kubwa. Mwaka 1998 watafiti wengine wa Marekani waligundua kwamba seli yenyewe huweka alama mahali uzi ulipokatika, ndani ya dakika chache, ili mafundi wake wa kukarabati wajue pa kwenda.

Njia hizo za kundi la pili zina kasoro moja, nayo ni kwamba kwa kawaida huiua seli inayopimwa. Ili kuitazama seli ingali hai, wataalamu waliazima protini inayong'aa kutoka kwa konyeza wa baharini, ugunduzi ambao ulipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008. Huiunganisha protini hiyo na mafundi wa seli wanaokarabati DNA. Leza ikipiga mahali, mafundi hukimbilia hapo, na mng'ao hukusanyika kuwa nukta au mstari. Kwa njia hiyo mtazamaji huliona jeraha kwa kuwaona wanaokwenda kuliponya.

Njia ya tatu ni kungoja. Seli iliyojeruhiwa leo yaweza kuonekana nzima, ikafa kesho, au ikaishi lakini isigawanyike tena. Kwa sababu hiyo mtafiti makini harudi nyumbani baada ya kutazama mara moja. Tena huweka pembeni seli nyingine za kulinganishia, ambazo zimetendewa kila kitu isipokuwa leza. Bila hizo hawezi kusema kwamba kilichoiua seli ni leza, wala si joto la chumba au rangi aliyotia. Hata taa ya hadubini yenyewe huweza kuiumiza seli inayotazamwa kwa muda mrefu; basi anayechunguza hana budi kujiuliza kama uchunguzi wake ndio unaoleta ugonjwa.

Hatukuyaeleza haya ili mwanachuo ayahamishie ubaoni. Mtoto wa darasa la tano hahitaji jina la protini wala mwaka wa Nobel. Tumeyaeleza ili mwanachuo aone kwamba nyuma ya vifaa vya gharama kubwa pana fikra tatu nyepesi, yaani ukuta, yaliyomo ndani, na muda, pamoja na kanuni moja ya kulinganisha. Fikra hizo zaweza kuingia katika darasa lolote.

Somo lenyewe darasani

Kwa somo la dakika 80 twashauri matumizi ya bitiruti, ambayo hupatikana katika masoko yetu. Moja kubwa yatosha darasa zima. Rangi yake nyekundu imehifadhiwa ndani ya seli, nayo haiwezi kutoka maadamu kuta za seli hizo ni nzima. Kwa hiyo rangi ikitoka, tunajua kwamba kuta zimevunjika. Ni kinyume cha tripani: kule rangi huingia penye maiti, huku rangi hutoka kwa majeruhi.

Mwalimu akate vipande vya ukubwa sawa na kuvitia katika maji. Maji yatageuka mekundu mara moja. Watoto wengi watasema, "Mwalimu, zimekufa!" Asiwakatishe, bali aulize ni nini kilichoziumiza. Baada ya majadiliano itafahamika kuwa ni kisu, ambacho kimezikata seli za pembeni. Basi vipande vioshwe mara kadhaa, mpaka maji yabaki meupe. Hatua hii isirukwe kwa kuokoa muda, kwa sababu ndiyo kiini cha somo. Hapo mtoto hujifunza kwamba chombo cha mchunguzi nacho huacha jeraha, na kwamba lazima jeraha hilo litengwe kabla ya kutoa hukumu.

Kisha vipande vigawanywe katika bilauri tatu. Ya kwanza iwe na maji baridi. Ya pili iwe na maji ya uvuguvugu, kama yale ya kumwogeshea mtoto mchanga. Ya tatu iwe na maji yaliyotoka kuchemka, nayo yamiminwe na mwalimu mwenyewe. Kabla ya kungoja, kila kikundi kiandike kinachotarajia. Baada ya dakika 10 bilauri ya tatu itakuwa nyekundu, hali ya kwanza na ya pili zitakuwa hazijabadilika sana. Joto hapa limechukua nafasi ya leza, kwa kuwa katika retina mwali wenye nguvu hujeruhi zaidi kwa joto. Bilauri ya kwanza ndiyo ya kulinganishia, na mwalimu aulize: "Kama tungekuwa na bilauri ya tatu peke yake, tungejuaje?"

Mwishoni liulizwe swali gumu zaidi: "Je, mnaweza kunionyesha seli moja iliyokufa?" Hawawezi, maana bilauri inatoa habari za maelfu ya seli kwa pamoja. Hapo ndipo mtoto anapoelewa kazi ya hadubini. Shule iliyo na hadubini, au iliyo karibu na sekondari inayoweza kuiazima, itumie ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu. Ukidondosha maji ya chumvi, seli iliyo hai hunywea, na rangi yake hujikunyata mbali na ukuta wa nje. Seli iliyokufa hainywei. Hivyo wanafunzi watapita wakihesabu: hii hai, hii imekufa.

Siku moja, katika somo la namna hii, mtoto alimwuliza mwanachuo wetu, "Seli ikiumia, inalia?" Darasa lilicheka. Mwanachuo hakucheka. Alijibu, "Hailii; ndiyo maana tumetafuta rangi." Sisi twaona kwamba jibu hilo ni bora kuliko fasili yoyote ya kitabuni.

Hoja za wanaopinga

Wako wanaosema kwamba mambo haya ni ya chuo kikuu, na kwamba mtoto wa msingi apewe yaliyo rahisi. Twakubali kwamba jina la DNA laweza kungoja. Lakini leza haikungoja mtoto afike chuo kikuu ndipo imfikie. Kama kitu kimo mfukoni mwa mtoto wa miaka 11, elimu ya kitu hicho nayo ni ya mtoto wa miaka 11.

Wengine husema kwamba madarasa ya Temeke na Kinondoni yana watoto wengi mno, na vifaa hakuna. Hoja hii ni nzito, wala hatuipuuzi. Hatuwezi kujidai kwamba bitiruti moja itaondoa msongamano. Hata hivyo, bilauri tatu zikiinuliwa mbele ya darasa huonekana hata na aliyeketi nyuma, na kioo kimoja cha kukuzia chaweza kuhudumia shule nzima kwa miaka mingi. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alilaumu elimu inayowafanya watu waamini kwamba maarifa yenye thamani hupatikana vitabuni tu. Lawama hiyo ingali inatuhusu kila tunaponakilisha duara.

Kuna pia wanaoogopa kwamba somo hili litawatia watoto hamu ya kujaribu leza. Jibu letu ni kwamba hamu wanayo tayari. Wanachokosa ni kipimo. Ila tunasisitiza kwamba mwalimu asilete leza darasani kwa maonyesho, na kamwe asiielekeze kwenye uso wa mtu, kioo au kitu chochote kinachong'aa.

Mwalimu kama mtambuzi wa kwanza

Faida ya mwisho ya somo hili ni kwa mwalimu mwenyewe. Mwaka 1997, katika Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, watafiti waliweza kwa mara ya kwanza kupiga picha za seli moja moja za kuonea ndani ya jicho la mtu aliye hai. Mashine za namna hiyo hazitafika Mbagala upesi. Lakini mwalimu anacho kipimo cha zamani, kilichobuniwa na Marc Amsler, daktari wa macho wa Uswisi. Ni karatasi ya miraba midogo ya milimita 5, yenye nukta katikati, na daftari la hesabu laweza kutumika badala yake. Mtoto hufunika jicho moja, huishika karatasi umbali wa sentimita 30 hivi, hutazama nukta, kisha husema kama mistari imenyooka yote. Halafu hubadili jicho. Akisema kwamba mistari imepinda, au kwamba pana mahali palipofutika, ni dalili kwamba huenda seli za hapo zimeumia.

Kila jicho lipimwe peke yake, maana jicho zima huficha ubovu wa mwenzake, na mtoto huweza kuishi na kasoro hiyo kwa miezi asijue. Mwalimu si daktari. Akiona dalili hiyo, au mtoto akieleza kwamba alimulikwa jichoni na tangu hapo aona doa, amwarifu mzazi siku hiyohiyo ili mtoto apelekwe hospitali yenye huduma ya macho. Kwa upande wa Kinondoni iko CCBRT huko Msasani. Tena mtoto asipoona kasoro yoyote katika karatasi, isichukuliwe kuwa ni uthibitisho wa usalama. Tumekwisha kuona kwamba seli yaweza kuonekana nzima leo.

Fikra hiyohiyo itamsaidia mwalimu anayefundisha mtoto mwenye ualbino. Katika ngozi yenye rangi, melanini hujipanga juu ya kiini cha seli kama mwavuli, na huikinga DNA na mionzi ya jua. Mtoto mwenye ualbino ana upungufu mkubwa wa melanini hiyo, au hana kabisa, na jeraha la kila siku hujikusanya bila kelele mpaka miaka ya baadaye liwe saratani. Mwalimu anayejua hayo hatamsimamisha mtoto huyo juani wakati wa gwaride, wala hatamlaumu kwa kuvaa kofia na mikono mirefu. Hapa ujuzi wa seli moja unageuka kuwa kanuni ya uwanja wa shule.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza kwamba hawezi kuziba ufa asiyejifunza kuuona. Mwanachuo atakapoandika andalio lake la somo la seli, twamwomba aanze na sentensi moja ya swali badala ya orodha ya majina: "Leo tutajuaje kama imeumia?" Kisha aweke bilauri tatu mezani.